Saa Nne ya Nchi Gani?

Dalali aliniapia kwamba nyumba niliyotaka kununua eneo la Mpemba, Tunduma, ili niipangishe haina shida hata moja. Hakusema uongo: shida zilikuwa nyingi.

Mabomba, kwa mfano, yalikuwa mapya, yamefika jikoni, bafuni hadi uani. Kilichokosekana ni maji. "Yanatoka kwa zamu," alisema dalali huku akihesabu noti zake. Zamu ya nani, hakufafanua. Mpangaji wangu, kijana wakala wa forodha pale mpakani, alihamia Jumamosi. Jumapili akapiga simu: "Shikamoo mama mwenye nyumba. Bomba linakohoa." Nikanunua tangi la lita 1,000, likajazwa kwa madumu ya guta.

Kulifunga tangi kulihitaji fundi. Tukapatana saa nne asubuhi. Akatokea saa tano, anatabasamu, na simu kanyoosha kama kitambulisho: saa nne kamili! Ilikuwa imenasa mtandao wa Nakonde, upande wa Zambia, ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kesho yake akasingizia foleni ya malori. Hapo sikubisha, maana hata mimi nilikuwa kwenye foleni hiyohiyo.

Ikaja zamu ya umeme. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini mita haimjui mwenye nyumba. Inamjua anayenunua umeme. "Mama," kijana akalalamika, "nalipa kodi ya kuishi, nalipa na kodi ya jengo. Bado hati tu kuandikwa jina langu." Tukakubaliana apunguze kiasi hicho kwenye pango.

Pango lenyewe mwisho wake ni tarehe 30, kabla ya saa sita usiku. Tarehe 30 ikapita kimya. Pesa ikaingia saa sita na dakika arobaini, na ujumbe juu: "Mama, kwa saa za Nakonde nimewahi." Sijui nani alimfundisha, ila fundi wangu namshuku.

Basi wewe unayetaka kununua nyumba ya kupangisha Tunduma, usipoteze muda kukagua rangi na bati. Hivyo havina maneno. Fungua bomba muuzaji akiwa amesimama hapo, angalia deni la kodi ya jengo kabla hujatoa hela, na kila ukiweka miadi ya saa, taja na nchi.