Mimi Nilimshuku Mlinzi

Jirani, hivi hawa waandishi wa riwaya za upelelezi wa siku hizi nimewakosea nini? Niambie ukweli. Mtu unatoa hela yako, unanunua kitabu, unasoma mpaka macho yanawasha, umejiaminisha kabisa kwamba muuaji ni mlinzi wa getini. Unafika mwisho unaambiwa mlinzi hana kosa. Tena ndiye mtu pekee mwenye roho nzuri humo ndani. Mimi kila kitabu namshuku mlinzi. Sijui kwa nini. Hata kile kisicho na mlinzi, namtafuta.

Zamani mambo yalikuwa nafuu bana. Tumekua na Willy Gamba wa Elvis Musiba, yule wa Kufa na Kupona, 1974. Pale hukeshi unajikuna kichwa. Mbaya anajulikana, ana bastola, anapigwa ngumi za maana, unazima taa unalala. Kabla yake alikuwepo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960. Huyo alitaka ufikirie kidogo, sawa, lakini alikuwa mstaarabu. Anavuta kiko chake, anawaza, mwisho anakukalisha chini anakueleza lote taratibu. Na alikuwa na swahiba wake, Najum, ambaye haelewi kitu mpaka aelezwe. Nilimpenda sana Najum. Niliona nimepata ndugu.

Hawa wa sasa hawana Najum. Najum ni wewe uliyenunua.

Kwa hesabu zangu balaa lilianza na Gone Girl ya Gillian Flynn, 2012. Mke anapotea siku ya kuadhimisha miaka mitano ya ndoa. Mume anasimulia yake, mke ana shajara yake, polisi wako mlangoni. Nusu ya kwanza nikamwonea mtu huruma mpaka chai ikapoa. Nusu ya pili nikatamani huruma yangu nirudishiwe. Kitabu kikauza mamilioni ya nakala, wenzake wakaona kumbe hela iko huku. Ikaja The Girl on the Train ya Paula Hawkins, 2015. Kuna dada anaitwa Rachel, kaachika, pombe haimpiti mbali, kila siku anapanda treni ya kwenda London na dirishani anawaona mume na mke kwao wametulia. Mara yule mke haonekani. Rachel mwenyewe hakumbuki usiku ule alifanya nini.

Kwanza niseme, huyo dada ana bahati ya dirisha. Mimi kwenye daladala ya Mbagala nikigeuka kushoto naona kwapa, nikigeuka kulia naona ndoo ya samaki. Watu wauane hapo nje, nisingejua. Askari wakinihoji nitawaelezea kwapa.

Mchezo wenyewe ni mmoja tu: anayekusimulia ndiye anayekuingiza mjini. Wala si mpya. Agatha Christie aliwachezea watu rafu hiyo mwaka 1926, kitabu sikitaji, na wasomaji wengine wakanuna kwelikweli. Mwaka 1929 padri mmoja wa Kikatoliki huko Uingereza, Ronald Knox, naye mtunzi wa riwaya hizo hizo, akaandika amri kumi. Kumi kamili, kama za Musa. Muuaji atajwe mapema, si kuchomozea mwishoni. Mizimu isiingizwe kwenye kutatua mkasa. Njia ya siri isizidi moja. Mapacha wasitokee ghafla bila msomaji kuandaliwa. Nikasema huyu ndiye padri wangu, hata kama mimi si wa parokia yake. Nikafika amri ya tisa. Inasema rafiki wa mpelelezi, yule mjinga-mjinga, akili yake iwe chini ya akili ya msomaji wa kawaida, lakini chini kidogo, kidogo sana.

Nikafunga. Padri hakuniweka kwenye mahesabu. Mimi hao marafiki wajinga huwa wananipita mapema tu, wananiacha nahangaika na mlinzi.

Halafu kuna Mwaustralia mmoja, Benjamin Stevenson, katoa Everyone in My Family Has Killed Someone, 2022. Ukoo mzima umekutana hotelini kwenye mlima wa theluji, na kila mmoja ana marehemu wake. Msimulizi anaapa hatadanganya. Amri za padri kazichapa mwanzoni kabisa. Anakutajia hata kurasa watakazofia watu! Nikafurahi. Nikazikunja pembe kurasa zile, nikakaa nazisubiri na karanga zangu. Watu wakafa pale pale aliposema. Hakuniongopea hata kidogo. Na muuaji bado akanipita. Lawama zote nikatupia theluji. Mtu wa Temeke theluji ataishuku vipi?

Sasa hela ya vitabu vipya sina, kwa hiyo nanunua vya mtumba, vile vinavyopangwa chini kwenye turubai kule Posta. Ndiko nilikoipata The Silent Patient ya Alex Michaelides, iliyotoka 2019. Kijana wa pale akaniambia mzee hii moto, elfu kumi. Tukavutana. Akashuka mpaka elfu nne, haraka kuliko kawaida. Ningekuwa mpelelezi ningejiuliza. Mimi nikajisifu kwamba najua kupatana bei.

Mkasa wenyewe ni huu. Mchoraji, Alicia Berenson, kampiga mumewe risasi tano, halafu kanyamaza. Hasemi neno. Miaka inapita. Mtaalamu wa tiba ya akili, Theo Faber, anaomba kazi hospitalini alikofungiwa ili amfanye aongee. Nikasema leo nimefika nyumbani. Kunyamaziwa na mke ndiyo fani yangu, nina uzoefu wa kutosha kumfundisha huyo Theo. Nafika katikati, pembeni ya ukurasa kuna mtu kaandika kwa peni ya bluu. Kazungushia jina la mhusika mmoja, kachora mshale, chini kaandika: NI HUYU. Alama za mshangao zimemwagika mpaka kwenye mstari wa pili.

Mwenzangu wewe ungefanyaje? Ungelia. Mimi nilicheka. Nikasema huyu aliyeandika shule hakumaliza. Haoni kwamba hospitali ina walinzi? Nikaendelea zangu na uchunguzi mpaka usiku wa manane, kifua mbele. Peni ya bluu ilikuwa na haki.

Kesho yake nikakirudisha kwa hasira. Nikamwambia kijana kitabu chako kimeandikwa jina la muuaji. Hata hakushtuka. Akasema, “Mzee, si ndiyo maana nilikupunguzia? Kile kina majibu.” Watu waliokuwa wanachagua vitabu wakacheka. Mmoja akauliza kama bado kipo, yeye ana haraka.

Nyumbani nako hali si shwari. Mama watoto aliazimwa The Housemaid ya Freida McFadden, 2022, hiyo hiyo iliyofanyiwa sinema. Mwandishi ni daktari wa mambo ya ubongo, anatumia jina la bandia, na ninamwelewa, ningekuwa mimi ningejificha pia. Dada mmoja, Millie, katoka jela, anapata kazi za ndani kwa matajiri wanaoitwa Winchester. Analazwa chumba cha darini. Kitasa kinafungwa kwa nje. Zaidi ya hapo sisemi, nisije nikakuharibia. Ila nilipomaliza nilikaa sebuleni nikimtazama dada yetu wa kazi anavyokatakata kitunguu. Upesi. Bila kuangalia kisu.

Asubuhi nikaamka nikaosha vyombo mwenyewe. Nikatandika kitanda. Nikamuuliza dada kama chumba chake kina hewa ya kutosha, na kama kitasa kinafunguka vizuri kwa ndani. Akaniangalia. Akaweka ufagio chini. “Baba, kwani nimekosea nini? Kama mnanirudisha kwetu niambieni tu.” Akaenda kulia kwa mama watoto. Mama watoto akaja. Akafunga mlango. Mume aliyeosha vyombo bila kutumwa, anataka kujua habari za kitasa cha chumba cha dada! Jirani, nimesoma mahojiano mengi ya polisi kwenye riwaya. Hakuna inspekta aliyewahi kuuliza maswali yale. Nikamwonyesha kitabu. Akasema kitabu kakisoma yeye kwanza na hakuona popote panaposema niulize vitasa.

Binti yetu, yuko kidato cha tatu, alikuwa anasikiliza huku anakula muhogo. Akaniambia, “Baba, acha walinzi. We mshuku yule anayesaidia watu sana.” Riwaya ile alikuwa kaikamata akiwa hata nusu hajafika. Mtoto niliyemlipia ada mimi.

Afadhali basi wale wazee wa Richard Osman. The Thursday Murder Club, 2020, halafu vikafuata vingine. Wastaafu wanne wa Kent: Elizabeth aliyekuwa mambo ya ujasusi, Joyce aliyekuwa nesi, Ron mtu wa vyama vya wafanyakazi, na Ibrahim daktari wa magonjwa ya akili. Wanaishi kwenye kijiji cha wastaafu, kila Alhamisi wanakutana kuchambua mauaji ya zamani yaliyoishinda polisi. Keki ipo. Mvinyo upo. Nilisoma kwa wivu mpaka nikaumwa kichwa. Mstaafu wa huku Alhamisi yake ni kufuatilia mafao, kumpeleka mjukuu kliniki na kugombana na mafundi. Maiti ataichunguza saa ngapi?

Lakini nikajisemea, kijiweni kwetu wazee tunao na kahawa ipo. Mtaani mita za maji zilikuwa zinaibwa. Nikawaambia wazee wangu, shikamooni, nina wazo, tuketi tutafute mwizi kwa kutumia akili. Nikaeleza mita zilivyofunguliwa, saa ngapi, kwa spana ya aina gani. Nilieleza vizuri sana. Kimya. Mzee mmoja akashusha kikombe, akaniuliza, “Mwanangu, haya yote wewe umeyajuaje?” Tangu siku hiyo nikipita na mfuko mweusi watu wanauangalia mfuko.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi nani mwandishi mwenye utu, nitakujibu Oyinkan Braithwaite wa Nigeria. My Sister, the Serial Killer, 2018, mwaka uliofuata kikaingia orodha ndefu ya tuzo ya Booker. Soma jina hilo tena. Muuaji kawekwa jaladani! Ni mdogo mtu, Ayoola, mzuri kupindukia, anayewamaliza wapenzi wake. Dada yake Korede ni nesi, anapigiwa simu usiku aje kusafisha damu, na sabuni anazijua. Swali si nani kaua. Swali ni wewe ungekuwa dada yake ungefanyaje, na hilo ni swali gumu kuliko mafumbo yote ya Uingereza, maana wote tuna ndugu ambao tumewahi kuwafichia kitu. Halafu Lagos yenyewe naielewa. Kuna joto, foleni, na trafiki anayesimamisha gari anataka chochote kitu. Hakuna theluji hata kidogo. Kitabu chenyewe chembamba, unakimaliza siku mbili, na kwa mara ya kwanza nilimaliza riwaya ya mauaji nikiwa namjua muuaji mwanzo mpaka mwisho. Binti akanipongeza. Sikupenda alivyonipongeza.

Ukipata hela ya kitabu kimoja tu, nunua hicho. Hivyo vingine jinunulie usome mwenyewe, na ukimkamata muuaji kabla yangu, tafadhali jirani, usije kunigongea.