Imekamilika, Ila Haijatimia

Ofisi fulani hapa Tabora imeboresha programu ya bakapu. Ile ya zamani ilianza saa nne usiku, alfajiri imeshamaliza. Hii ya kisasa, saa tatu asubuhi bado inajikongoja, na wateja dirishani wanaambiwa "mtandao uko chini". Mwishowe inaandika kwa rangi ya kijani: Imekamilika. Chini yake, kwa herufi za sisimizi: baadhi ya mafaili yamerukwa.

Mafundi wanajua kisa. Toleo jipya halitambui kumbukumbu za lile la zamani, basi kila usiku linanakili yote upya badala ya yaliyobadilika tu. Hifadhidata ikiwa inatumika, linaipita kama halijaiona. Lakini bosi ameshaona kijani. Nani amwambie?

Njia ya kale ya misafara ipitayo hapa Tabora ina uzoefu na mizigo isiyotimia. Mwaka 1871 mvumbuzi David Livingstone alirudi Ujiji akakuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimeuzwa na msimamizi wa msafara, aliyedai ramli ilimwonyesha kuwa mwenye mali kafa. Afadhali huyo alipiga ramli. Bosi wetu anatazama rangi tu.

Shajara aliyoiandika Livingstone mwaka huohuo huko Nyangwe, Kongo, kwa wino wa mmea juu ya gazeti kuukuu, ilififia hadi isisomeke. Mwaka 2011 wataalamu wakaifufua kwa picha za mwanga maalumu. Miaka 140, lakini ilirudi. Sisi tuliomba turudishiwe jalada moja la Aprili, tumejibiwa tuwe na subira: Ijumaa linawekwa toleo jipya zaidi.