Heko, Mtoro wa Jimu

Katika jimu za Dar es Salaam husifiwa baunsa kwa kifua chake, husifiwa dada aliyepunguza kilo, na kocha hujisifu mwenyewe. Bado hajasifiwa anayewabeba wote watatu: mwanachama aliyelipa ada ya mwaka mzima Januari, akaja wiki mbili, akapotea. Jina lake halitajwi popote ila kwenye daftari la mapato. Leo nampa haki yake, na sitamung'unya maneno.

Tuanze na ukoo. Mtoro huzaliwa na pilau la Krismasi na nyama choma ya mwaka mpya, siku suruali ya kazini inapokataa kufungwa kifungo. Huingia jimu na raba mpya, taulo jipya na chupa kubwa ya maji. Mapokezi hutajiwa bei tatu: ya siku, ya mwezi, ya mwaka. Hupiga hesabu, akaona ya mwaka ndiyo nafuu, akalipa kwa simu hapo hapo. Kocha humpima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kisha humchuchumaza mpaka magoti yalie. Kesho yake anashuka kwenye daladala kinyumenyume. Baada ya hapo ni mvua, foleni, msiba, na mechi ya Simba na Yanga.

Sasa ukarimu wake. Njoo jimu saa kumi na mbili jioni uone. Mashine za kukimbilia ni nne, na moja imebandikwa karatasi imeandikwa MBOVU, gundi yake imeshakauka. Ya pili kapanda mama anayetembea taratibu huku akizungumza na mdogo wake kwa simu, sauti imefunguliwa, sote tunajua harusi ni lini na nani hajachanga. Benchi la kulalia limetandikwa taulo la kijana anayejipiga picha kwenye kioo. Akiinuka anakuachia jasho lenye umbo la mgongo wake. Bafuni maji yanadondoka kwa kujifikiria. Haya yote ni wakati watoro wako makwao! Wangefika wote walioandikishwa, tungenyanyua vyuma kwa zamu ya namba, kama benki mwisho wa mwezi.

Tena hana kelele. Sisi wengine tunalalamikia kiyoyozi, muziki, na vyuma visivyorudishwa mahali pake. Yeye hajawahi kuangusha chuma sakafuni wala kumaliza maji ya bomba. Amenunua huduma asiyoitumia, na akipita mbele ya jengo hugeuza uso upande wa pili kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Mfanyabiashara gani haombi mteja wa namna hiyo katika dua zake?

Asidhaniwe kuwa ni wa hapa tu. Mwaka 2006 wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti kuhusu wanachama 7,752 wa klabu tatu za mazoezi nchini Marekani. Waliojiunga kwa mkataba wa mwezi, wa zaidi ya dola 70, walifika wastani wa mara 4.3 kwa mwezi. Kila ujio uliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali kulikuwa na kadi ya kuingia mara kumi kwa dola 10 kila mara. Wachumi walishangaa. Mimi nilisimama nikawapigia makofi hao ndugu wa mbali.

Na hekima anayo. Mashine ya kukimbilia ilianzia gerezani: mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyagwa na wafungwa, wapande ngazi zisizo na mwisho. Wafungwa wale hawakuwa na hiari. Mtoro wetu amelipia kifungo kwa fedha yake, halafu akakataa kukitumikia. Nani mjanja zaidi?

Wapo watakaonitajia vijana wa uswahilini walioyajaza makopo ya rangi zege, wakayaunganisha kwa bomba la chuma, na wanapiga tizi kila alfajiri bila kulipa senti. Ni kweli wana vifua. Lakini wamemlipia nani umeme? Wamemsomesha mtoto wa mwenye jimu gani?

Kwa hiyo wenye jimu, msimsumbue mtoro kwa ujumbe wa kumkumbusha. Najua wala hamna mpango huo. Nawe msomaji unayefikiria kujiunga, nakusihi usilipe kwa siku. Mlipa kwa siku huja kweli, na akija huongeza foleni kwenye mashine ninayoisubiri. Lipa mwaka mzima, lipa leo, kisha baki nyumbani kwako salama.