Kiinua Mgongo Kilichoinua Gari

Iyunga wananijua kwa mgongo. Wanafunzi wa sekondari wanaopita asubuhi, madereva wa malori ya Tunduma, mama wa vitumbua anayekaa njia ya kwenda stesheni ya TAZARA, wote hao wakinikuta nimesimama wima kanisani hunipita kama mgeni. Ila wakiuona mgongo umejikunja, kichwa kimezama chini ya boneti, huamkia tangu mbali: "Shikamoo Mwalimu! Limegoma tena?" Naitika marahaba nikiwa humohumo ndani, na sauti yangu hutokea upande wa rejeta.

Hiyo ni fadhila ya kwanza ya mkweche, kumpa mtu umaarufu bila kugombea udiwani. Nimekaa leo kuuandikia sifa zake kwa sababu magari mengine yamesifiwa ya kutosha. Prado imesifiwa. V8 imesifiwa na kujaziwa mafuta. Hata bajaji hujisifu yenyewe kwa maandishi ya nyuma. Lakini Land Rover 109 ya mwaka 1976, yenye injini ya Nissan, springi za lori na kiti cha basi, nani amewahi kusimama kuitetea?

Nilipostaafu ualimu nililipwa kiinua mgongo. Waliokipa jina hilo walikuwa na nia njema: mtu ameinamia madaftari ya watu miaka thelathini na zaidi, basi ainuke kidogo apunge upepo. Wenzangu walijenga vyumba vya kupangisha. Mmoja alinunua bodaboda tatu, sasa anakunja nne kivulini. Changu mimi kiliinua gari. Inchi mbili kamili, nilipima kwa rula ya ubaoni. Mgongo wenyewe ulibaki ulipokuwa, na tangu hapo umezidi kuinama.

Gari nililikuta Mbalizi nyuma ya ghala, limekaa juu ya matofali, kuku wametotoa kwenye kiti cha dereva. Lina umri mmoja na reli yetu. TAZARA ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Vyote viwili hupanda Nyanda za Juu vikinung'unika, na ukivisikia usiku kutoka kitandani huwezi kujua kipi ni kipi.

Wenye magari safi huniambia nimeliharibu gari la heshima kwa viraka. Ndugu zangu hawa hawajui historia ya heshima yenyewe. Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani hoi, chuma kikitolewa kwa mgawo, na kampuni ya Rover haikuwa na namna ya kuuza magari yake ya wakubwa. Maurice Wilks, mhandisi wao mkuu, akaona bora watengeneze kitu cha shamba. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep ya Kimarekani, usukani wakauweka katikati. Bodi wakaifanya ya alumini kwa kuwa chuma cha bati kilikuwa adimu. Walilionyesha Amsterdam Aprili 1948, wakikusudia lizibe pengo kwa miaka michache hadi hali itengemae. Uzao wake uliendelea kutoka kiwandani hadi Januari 2016. Kiraka kilidumu kuliko nguo. Sasa mtu akiniambia Land Rover yangu ni ya kuungaunga, namshukuru kwa kutambua ukoo wake.

Hiyo alumini nayo ina mambo yake hapa kwetu. Vijana wa skrepa wakipita na mkokoteni hawaangalii injini wala tairi. Hugonga mlango kwa kifundo cha kidole, wakategea sikio kama mnunuzi wa tikiti, kisha huuliza kwa adabu kubwa: "Babu, hii si alumini?" Wanajua fika. Alumini ikifika kwa wasubuji inatoka sufuria. Madigadi ya mbele kushoto nilikuta imeshauzwa kabla yangu, na ninaamini kwa dhati kuwa mahali fulani Mwanjelwa kuna mama ntilie anayeinjika maharage ndani ya gari langu. Mahali pake nimeweka bati la pipa la oili. Maandishi hayajafutika vizuri, hivyo upande mmoja gari linatangaza biashara ya watu bila malipo.

Injini ya asili ilikuwa ya petroli, sentimita za ujazo 2,286, na kiu yake ilikuwa ya kutisha. Lita moja kwa kilomita tano, hapo barabara ikiwa tambarare, na Mbeya tambarare tunaisikia kwenye taarifa ya habari. Nikaenda kwa fundi. Huyu nilimfundisha hesabu, na nakumbuka kwenye ripoti yake niliandika "ajitahidi". Siku hizi yeye ndiye anayeniandikia karatasi, orodha ya spea kwenye kipande cha mfuko wa saruji, na mimi ndiye ninayejitahidi.

"Mwalimu," aliniambia, "tufunge TD27."

TD27 ni injini ya dizeli ya Nissan, ile ya kwenye Caravan zilizokuwa daladala. Inapatikana, fundi yeyote anaijua, wala haichagui mafuta. Taabu ni kwamba mdomo wa giaboksi ya Land Rover na mgongo wa injini ya Nissan havijawahi kutambulishwa. Kuna watu nchi za nje wanauza bamba la kuviunganisha, limetengenezwa tayari, kwa bei ambayo ningeisikia nikiwa nimesimama ningekaa.

Nitaeleza alichofanya kijana yule, kwa kuwa hapo sitanii. Alichukua karatasi ya manila, akaupaka mdomo wa giaboksi grisi, akaikandamiza karatasi juu yake kwa kiganja, polepole, kama anayekausha wino. Ilipobanduliwa kila tundu la bolti lilikuwa limejichora. Akafanya hivyohivyo kwa injini. Akalaza karatasi moja juu ya nyingine dhidi ya mwanga wa mlango, akazisogeza mpaka katikati mbili zikawa moja, akatia alama. Bamba la chuma la milimita ishirini lilikatwa kwa gesi, likapelekwa kukerezwa. Kilichobaki kilikuwa kuhakikisha kati imekaa kati, maana ikikosea hata kwa unene wa ukucha klachi italiwa. Chombo cha kupimia hana. Alifunga kipande cha waya kwenye flaiwili, ncha ikielekea ukingo wa tundu, akaizungusha injini kwa spana, akiwa amepiga magoti, jicho moja amelifumba. Ncha ikakwangua upande wa juu. Akagonga bamba kidogo kwa nyundo. Akazungusha tena. Saa nzima alikuwa katika hilo, na sisi watazamaji tukawa tunapumua kwa zamu. Mwisho ncha ilizunguka duara lote bila kugusa popote. Alisimama, akapangusa mikono kwa tambara, akasema bado bushi ya shaba. Ningekuwa na ile ripoti karibu ningeifuta.

Namba ya injini ikabadilishwa kwenye kadi, kama taratibu zinavyotaka. Kwenye rangi niliomba libaki kijani. Mtumishi alichungulia dirishani, akanitazama, akaandika "kijani" kwa huruma.

Hapo ndipo ilipoanza ile tamaa ya kuinua. Iyunga tuko ubavuni mwa barabara ya Zambia, malori yanakufa hapa kila msimu, na springi zao zinauzwa kwa kilo. Tuliongeza majani mawili kila upande. Gari likasimama kifua mbele, nikajiona kijana. Siku ya tatu fundi akaniita chini ya uvungu. Ukiliinua gari, propela inakaa mshazari zaidi, inatetemeka. Tukashughulikia propela. Kumbe mipira ya breki nayo imekuwa mifupi, inavutika usukani ukikatwa. Tukanunua mirefu. Shokapu zikawa hazifiki. Kila ulichokipandisha kilikuwa na ndugu yake aliyebaki chini, naye akidai kupandishwa cheo. Nilifanya kazi ya serikali muda mrefu, nikauelewa mfumo huo mara moja.

Na uzuri wa springi hizo ni kwamba hazinesi. Zilizoea tani kumi, mkweche wangu kwao ni kama nzi ametua. Mama watoto alipanda mara moja, tulipofika Mafiati akashuka, akaniambia kwa upole kwamba atanikuta hukohuko niendako. Alichukua bajaji na akanitangulia. Tangu siku hiyo hakuna ndugu aliyeniomba lifti ya kwenda harusini, wala jirani aliyekuja usiku kuazima gari "dakika tano tu". Hata wakopaji wamepungua. Wanaona jinsi ninavyosukuma, wanaona aibu kuniongezea mzigo. Benki gani inalinda fedha namna hii? Kila shilingi inaingia kwenye gari kabla haijapata nafasi ya kupotea kwingine.

Mkonga nao nimeweka. Wenye hela hununua uliotengenezwa kiwandani. Wangu ni bomba la plastiki la inchi tatu, lile la vyooni, limepakwa rangi nyeusi na kupandishwa hadi juu ya paa ili injini ivute hewa isiyo na vumbi. Mwanzoni mdomo ulitazama angani. Ikanyesha. Fundi alifika mbio, akazuia mkono wangu usiguse swichi. "Maji hayabanwi, Mwalimu. Ukiwasha, konrodi inapinda." Hiyo fizikia ilifundishwa na mwenzangu wa chumba cha pili, nikafurahi kwamba ilimwingia. Sasa mkonga umevishwa kopo la maziwa ya unga.

Tena gari langu halijui uongo. Linavuja oili, tone moja moja, jeusi, mahali popote linaposimama. Nikirudi nimechelewa sihitaji kujieleza. Asubuhi mama watoto akienda sokoni anasoma matone: hapa alisimama kwa fundi, hapa alisimama kwa fundi, na hapa, mbele ya baa, alisimama muda mrefu.

Linatoa heshima ambayo sikuiomba pia. Watanzania gari la polisi tunaliita difenda, hata likiwa la Kijapani. Basi mkweche wa kijani wenye keria ya nondo ukitokeza kwenye kona za Umalila, bodaboda wasio na kofia huingia mahindini, na akina mama wenye madumu yasiyojulikana yana nini hukumbuka kwamba kuna jambo nyumbani. Nikishuka mimi na fimbo yangu wanaudhika sana.

Umalila ndiko lilikonunuliwa kwenda. Nina shamba dogo la viazi upande wa Ilembo, na ile njia ya kupanda kutoka Mbalizi mwezi Machi udongo wake ni sabuni. Mbele ya kiti kuna kitasa cha njano: ukikibonyeza, magurudumu ya mbele yanaingia kazini. Kuna na wenzo mwekundu: ukiuvuta nyuma, gari linapata nguvu ya punda na mwendo wake. Mjukuu wangu hukaa kushoto na cheo chake, Ofisa Jiwe. Breki ya mkono ya Land Rover hii haishiki magurudumu, inashika propela, na mimi propela siiamini tangu tulipoinua. Kwa hiyo likisimama mlimani yeye huruka na kigingi cha jiwe kabla halijabadili mawazo.

Machi iliyopita tulikuwa tunashuka na magunia saba, yote lumbesa, naungama. Tukapita kwenye korongo dogo, nyuma pakalia tah! kama bunduki. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari halina habari. Shafti ya nyuma, ile fupi ya kulia, ilikuwa imekatika. Nikavuta breki ya mkono, propela ikashikwa vizuri sana, na gari likaanza kurudi nyuma taratibu, kwa kuwa kati ya propela na gurudumu hakukuwa na kitu tena. Ofisa alikuwa ameshafika chini. Jiwe lilishika.

Basi ungekuwa na gari la maana, hapo unapiga simu, unasubiri la kukuvuta, unalala. Mimi nilibonyeza kitasa cha njano. Magurudumu ya mbele yakachukua mzigo peke yake, yakatuvuta kama ng'ombe wa kulimia, tukaenda hivyo hadi Mbalizi, tukapanda Iwambi kwa gia ya pili huku malori yakitupigia honi nyuma, tukaingia Iyunga saa tatu usiku viazi vyote vikiwa salama. Oili iliweka alama njia nzima.

Mpaka leo naendesha kwa miguu ya mbele. Mwenye shafti ya nyuma ya 109, ile fupi ya kulia, hata kama imetumika ilimradi meno hayajalika, aje Iyunga aulize Mwalimu. Wasipomwelewa, aulize mgongo.