Gari Jeusi na Watu Wema wa Mulongwe

Adui wa gari jeusi hapa Uvira si vumbi. Vumbi tunalijua: linatoka bonde la Ruzizi, linakaa juu ya kapo, linangoja maji. Hatari ni watu wema. Mjomba wangu ana Toyota jeusi, lenye usukani wa kulia kama magari mengi yanayotoka Japani kupitia Dar es Salaam, na tangu liingie mtaa wa Mulongwe halijawahi kukosa wa kulisaidia.

Chini ya kapo kuna kibati chenye namba 202, ambayo kwa Toyota ni nyeusi. Nayo ni nyeusi ya zamani, ya tabaka moja: rangi na mng'ao vimo pamoja, hakuna vanishi juu yake. Magari ya siku hizi yana vanishi, ukiyapiga polishi kitambaa hakitoki na rangi. La mjomba ukiligusa tu, kitambaa kinatoka cheusi tititi. Si ugonjwa. Jua limeichosha ngozi ya juu, imepauka na kuwa ya unga unga, nawe unaiondoa ili weusi mzima wa chini uonekane. Sasa mweleze hayo mama anayepita na beseni la ndagala kichwani.

"Papa, acha! Unamaliza gari!"

Wala hajakosea sana. Rangi yote ya kiwandani, pamoja na ile ya msingi, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na kila polishi inakula fungu lake. Ndiyo maana mjomba hufanya kazi kwa mkono, kivulini, taratibu, halafu anafunika kwa nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa ukoo mmoja na mchikichi wetu. Ford aliuza gari lake la T kwa rangi nyeusi peke yake toka 1914 hadi 1925. Bila shaka hakuwa na majirani.

Majirani wetu walianza na maji. Vijana wa mtaa, bila kuombwa, walichota ndoo ziwani wakaliogesha gari saa sita mchana. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi nyingi, magnesi hasa, na jua la hapa halikupi nafasi ya kupangusa. Matone yakakauka yalipo, kila moja likaacha alama yake, na mjomba alipotoka ndani alikuta gari lake limekuwa kanga. Wakaona aibu, wema zaidi ukawashika: wakalipeleka kuoshwa upya kwenye mto Mulongwe. Mto huo unashuka kutoka milima ya Mitumba na mchanga wake wote, na sponji ikidumbukia humo inarudi na sehemu ya mlima. Madoa yalitoka. Yakaingia mafundo ya mikwaruzo ya duara, ambayo kwenye gari jeupe usingeyaona, ila kwenye jeusi yanameta juani kila unapogeuza kichwa.

Jirani mwingine akatoa turubai. Tulimshukuru mno. Usiku upepo wa ziwa ukalipigapiga hilo turubai hadi alfajiri, vumbi likiwa katikati, na kazi ambayo vijana hawakuimaliza ikamalizika. Mzee wa nyumba ya tatu naye alileta kopo la mawese, akisema ngozi ikikauka hupakwa mafuta. Kusema kweli hoja yake ndiyo iliyokuwa na akili kuliko zote: rangi kavu ya tabaka moja hufyonza mafuta kweli, na polishi nyingi zinazoifaa zina mafuta ndani yake. Mjomba alimshukuru, akamwomba mkewe apikie sombe.

Kisha ikaja harusi. Gari jeusi hapa mjini haliwezi kukwepa harusi. Likishaonekana tu, ndugu wanazaliwa. Lilitakiwa kumbeba bibi harusi, kutoka Mulongwe hadi Kavimvira na kurudi, honi zikilia. Mjomba alikuwa Bukavu, nta ilikuwa imekwisha, na shofere alitaka kumfurahisha mwajiri wake. Akanunua siraji ya viatu, makopo mengi, nyeusi. Akapaka mlango kwa mlango, akasugua kwa brashi.

Lazima niseme ukweli: liling'aa. Siraji ina nta, ina rangi, na bodi iliyopauka iliinywa kwa kiu. Watu walijitazama mlangoni wakitengeneza tai. Tatizo ni kwamba siraji haikauki kwa ajili ya picha za ufukweni, kwenye joto la saa nane, na mpiga picha akamwambia bibi harusi aegemee kidogo. Kidogo zaidi. Hapo hapo, mama, tabasamu.

Gauni lilipobanduka mlangoni lilikuwa na nusu ya Toyota. Bwana harusi, mtu mwema naye, akalifuta kwa glavu nyeupe za bibi harusi. Mashangazi wakaingia kusaidia na vitambaa vyao vya mezani.

Mjomba aliporudi, ujumbe wa mashangazi watatu ulimngoja uani na hesabu ya dobi, gauni, glavu na vitambaa. Alisikiliza yote kwa heshima. Akaomba aonyeshwe gauni. Akalishika, akalitazama lile doa muda mrefu, akalipeleka mlangoni pa gari akalinganisha.

"Nitalipa, mama zangu," akasema. "Lakini na mimi nadai rangi yangu."