Mhadhara Kutoka Kiti cha Dereva

Vijana wangu, kabla hamjaligusa hili gari, tulieni kwanza niwafundishe. Najua masika yanawanyeshea na mimi nimefunga vioo nusu, lakini elimu haisubiri jua. Kuna watu wangelipa ada nzito kunisikiliza, laiti wangejua nipo.

Mnasema nimekwama. Hayo ni macho ya mtu asiyesoma. Msomi anaona mwili uliotulia, wenye tungamo la kilo 1,200: gari 1,100 na mimi 100, pilau ya mchana haijahesabiwa. Isaac Newton, Mwingereza, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1687 kwamba kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kinachokwenda kitaendelea kwenda kwa mwendo uleule na mstari uleule, mpaka kiguswe na kani ya kutoka nje. Tabia hiyo ndiyo inesia. Ningekuwa nimezaliwa mapema kidogo ningeiandika mimi. Kani ya kutoka nje, vijana! Mimi niko ndani. Hata nikiisukuma dashibodi hii mpaka nitokwe jasho, gari halisogei unywele, maana kani za ndani hujimaliza zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana sishuki. Aliyenong'ona hapo nyuma kwamba ninaonea huruma viatu, nimemsikia.

Kabla ya Newton, kwa karibu miaka 2,000, wasomi walimwamini Aristotle, Mgiriki, aliyedhani kitu huenda pale tu kinaposukumwa, ukiacha nacho kinaacha. Masikini, hakuwahi kusimama kwenye daladala la Mbagala. Dereva anakanyaga breki, daladala linasimama, wewe huyoo unaendelea mbele mpaka kwenye mgongo wa mama mwenye ndoo ya samaki. Nani amekusukuma? Hakuna. Ulikuwa unakwenda, ukaendelea kwenda. Konda analijua hilo, ila hajaliandikia kitabu.

Sasa uzito. Msiuchanganye na tungamo, kosa ambalo kila mwenye mizani buchani hulifanya bila aibu. Dunia inalivuta gari hili kwa takribani nyutoni 9.8 kwa kila kilo, kwa hiyo uzito wetu, mimi na gari, ni nyutoni 11,760. Tungekuwa mwezini tungebaki na kama moja ya sita ya uzito huo. Mwaka 1971 Mmarekani David Scott, wa Apollo 15, aliangusha kule nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, vikafika chini pamoja, kwa kuwa hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya. Lakini mwezini vijana wa kusukuma hawapatikani, tuendelee.

Wewe mwenye ndala, unateleza. Unadhani unalisukuma gari kwa mikono? Miguu yako inaisukuma ardhi kwenda nyuma, nayo ardhi, kwa kanuni ya tatu ya Newton, inakusukuma wewe kwenda mbele kwa kani ileile. Mkataba huo unahitaji msuguano, na tope halina msuguano wa kutosha. Vua ndala, chimbia vidole. Hapo! Simameni wanne, mgongo uinamishwe, moja, mbili, tatu!

Haliendi? Safi kabisa. Huo ni msuguano tuli, ambao kwa kawaida ni mkubwa kuliko msuguano wa kitu kilichokwisha kuanza kwenda. Ndiyo maana kabati ni gumu pale mwanzo tu. Ongezeni. Ongezeni tena! Msiugue kama wagonjwa, kani haina sauti.

Nani kasema hendibreki?

Ni kweli, iko juu. Niliiacha juu kwa makusudi kamili, kama zana ya kufundishia. Sasa mmeuonja msuguano kwa mikono yenu, hamtausahau, na wala sidai shukrani. Naishusha.

Na wewe bwana mdogo unafanya nini huko chini? Unatandika gunia na kifusi mbele ya tairi? Nani amekuruhusu? Sijafika sura hiyo! Haya, sukumeni... linakwenda! Linakwenda, wanangu! Kanuni ya pili hiyo mbele ya macho yenu: kila mmoja anatoa nyutoni 300, wanne 1,200, tope na kamwinuko haka vinakula 900, zinabaki 300, zigawe kwa kilo 1,200, mchapuko ni mita 0.25 kwa sekunde kila sekunde. Gunia nililiwaza mimi tangu asubuhi. Basi, basi, pumzikeni, tegeni lile tofali nyuma ya tairi. Mita sita nzima, na injini bado haijawaka, lakini hilo ni somo la umeme.

Tuje kwenye malipo. Mlitaja elfu kumi. Mimi ni mtu wa haki, nalipa kazi iliyofanyika. Katika fizikia, kazi ni kani mara umbali uliosogezwa. Ile nusu saa ya hendibreki, umbali ulikuwa sifuri. Chochote mara sifuri ni sifuri, hata mngetokwa damu. Huyu anasema mikono inamuuma. Maumivu, bwana mdogo, ni baiolojia. Mwone mwalimu mwingine. Zinabaki zile mita sita: nyutoni 1,200 mara 6, jouli 7,200. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina zaidi ya jouli 60,000. Kwa hiyo ninyi nyote wanne, kwa hesabu isiyo na upendeleo, mnanidai sukari isiyofika robo ya kijiko. Kesho pitieni nyumbani, mtapimiwa.

Mbona mmekaa? Nani amesema nanyi ni miili iliyotulia? Hayo maneno ni yangu, usiyatumie bila kunitaja.

Kijana. Kijana, hilo tofali unalipeleka wapi? Lako? Sawa ni lako, lakini hapo lilipokuwa lilikuwa linatoa kani ya... Gari linarudi. Msishtuke, ni jambo la kawaida: kwenye mwinuko, sehemu ya uzito huvuta kuelekea bondeni, nayo breki nimekanyaga, magurudumu yamefunga, ila tope halishiki, kwa hiyo tunateleza pamoja, gari nami. Rudisha tofali. Buku mbili. Tofali, vijana! Elfu tano! Huko nyuma kuna mtaro! Elfu kumi! Elfu kumi na tano, na gunia liwe lenu!