Makanika Wangu Yuko Muhoroni

Brooklyn Park, Minnesota

Mjomba, na wote mlio nyumbani,

Gari nimenunua. Naandika upesi kabla vijana wa stejini hawajaifikisha habari Koru na Chemelil, maana najua kila mmoja anadai ndiye aliyelichagua.

Hapa Minnesota sheria inakataza kuuza magari Jumapili. Kwa hiyo Jumapili ndiyo siku nzuri ya kwenda yadi: unatoka kanisani, unazunguka, unachungulia vioo, hakuna anayekufuata. Rudi Jumamosi uone! Hujashuka vizuri kwenye basi, kijana mwenye tai ameshakushika mkono, na anataka kujua jambo moja tu: kwa mwezi utaweza kulipa ngapi? Unamuuliza bei ya gari, anakuuliza ya mwezi. Madalali wetu wa Kisumu wana maneno, lakini bei watakutajia. Huyu ukimpa ofa anashtuka, anasema ngoja nikamuulize meneja, anapotelea ndani. Meneja mwenyewe humwoni ng'o. Mimi naamini huko ndani kuna mashine ya kahawa tu.

Kilichonisaidia ni karatasi. Tangu 1985 serikali yao huwalazimisha wenye yadi kubandika kwenye kioo cha gari lililotumika tangazo la kusema kama lina dhamana, au ukishatoka nalo getini shida ni zako. Karatasi hiyo pia inakushauri umuulize muuzaji kama makanika wako anaweza kulikagua. Nikamwambia kijana kwamba makanika wangu ni mzee aliyezeekea kwenye matrekta ya miwa. Akasema aje, karibu sana. Nikawasha WhatsApp.

Huku ilikuwa asubuhi, kwenu jioni, na Mjomba hukuwa peke yako. Kijana alitarajia mzee mmoja. Akakuta steji nzima imejipanga kwenye simu, na sauti ya nyuma ikiuliza kwa nini usukani umewekwa kwa abiria. Ukaagiza: washa, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, tuone kama inapumua moshi. Kijana akaanza kusifia viti. Ukasema, "Mwambie anyamaze, nasikiliza injini." Nilimtafsiria kwa adabu zaidi.

Kisha ukataka kuona chini. Nikalala kwenye lami na suruali ya kanisani, nikaingiza simu, na ukaiona kutu. "Gari hili lilikuwa la mvuvi?" Nikaeleza kwamba wakati wa baridi barabara hapa humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Stejini pakazuka zogo. Kwetu hata molasi haitupwi, kiwandani Agro-Chemical wanaigeuza spiriti na hamira, halafu kuna watu wanaipa lami chumvi! Ukanyamazisha wote, ukasema kutu ni ya juujuu, haijala chuma, ila kijana asiambiwe hivyo. Aambiwe makanika amesikitika.

Nikasikitika kwa niaba yako. Kijana akaenda kwa meneja, akarudi, akaenda tena. Bei ikashuka dola 700, na vijana wakashangilia hadi muuzaji wa meza ya pili akasimama kuangalia.

Halafu kuna chumba cha mwisho, ambacho sikukuonyesha kwa sababu ya presha yako. Humo yumo bwana mpole anayekuuzia dhamana ya juu ya dhamana, bima ya tairi, dawa ya kulinda rangi, na mkopo wa miezi 84. Kila kimoja, anasema, ni dola chache tu kwa mwezi. Nilikataa vyote, naye akaendelea kutabasamu; nadhani hulipwa kwa hilo pia.

Sasa waambie wa stejini waache kugawana zamu za kuliendesha. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, na hata lingekuwa la kulia, limepita miaka 8, halitakubaliwa bandarini Mombasa. Oili nimebadilisha kama ulivyoagiza. Picha ya risiti nimeituma kabla hujaiomba.